Uchambuzi wa kisa: Kutoka "mtoto wetu" hadi "lile" kwa dakika kumi na moja

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinahusu watu 200 na ushei, Waswahili wa mji mmoja wa chuo katikati ya Marekani, na usiku mmoja wa Machi ambapo timu ya chuo ilitolewa mashindanoni. Nilikuwa mmoja wa viongozi watatu wa kundi lao la WhatsApp, kwa hiyo makosa mengi nitakayoyaeleza ni yangu. Jina la chuo, mji, mwaka na majina ya watu nimeyaondoa, na namba za mechi nimezisogeza kidogo ili asiwepo wa kuitafuta akaipata. Waliohusika walisoma andiko hili kabla sijalitoa. Mama mmoja mtakayekutana naye huko mbele aliniagiza niondoe sentensi mbili. Nimeziondoa.

Usuli

Kundi lilianza kwa ajili ya misiba. Mtu akifiwa nyumbani, michango inapita humo. Ndugu akitua uwanja wa ndege, anatafutiwa wa kumpokea humo humo. Wamo Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo wengi waliofika kupitia kambi za wakimbizi. Wanafunzi hawazidi theluthi moja. Waliobaki ni madereva wa malori, wauguzi, watu wa maghala, na kina mama ambao mwaka mzima hawaandiki zaidi ya "Pole sana" na "Amina".

Machi ikifika, kundi la misiba linageuka kuwa jukwaa la mashabiki. Aliyeko Mbeya au Mombasa anaweza kudhani mpira wa kikapu wa wanafunzi ni jambo la mchana wa Jumamosi, wazazi wanapiga makofi. Sivyo. Katika mji wa chuo, timu ndiyo Simba na ndiyo Yanga kwa wakati mmoja. Timu 68 zinaingia mashindano ya taifa ya wanaume, na baada ya mechi za awali zinabaki 64 zilizogawanywa kanda nne, kila kanda ikiwa na timu zilizopangwa kwa ubora kuanzia ya 1 hadi ya 16. Hakuna marudiano. Ukifungwa, unafunga virago usiku ule ule, na wachezaji wa mwaka wa mwisho hawatavaa tena ile jezi.

Timu yetu ilipangwa ya 4, ikapewa ya 13. Ya 13 kumtoa wa 4 si muujiza, ingawa aliyefungwa huona hivyo. Muujiza ni ule wa 2018, Virginia iliyokuwa ya 1 ilipopigwa 74 kwa 54 na UMBC ya 16, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa wanaume, au wa 2023, Fairleigh Dickinson ilipoitoa Purdue 63 kwa 58. Sisi yetu ilikuwa aibu ya kawaida.

Kulikuwa na sababu moja ya ziada ya kundi letu kuipenda timu ile: mmoja wa wachezaji alikuwa wetu. Wazazi wake walitoka Kivu ya Kusini, yeye akazaliwa katika moja ya kambi za Kigoma, akaja Marekani ana miaka minne. Wakongo wakasema ni Mkongo, Watanzania tukasema aliyezaliwa Kigoma ni Mtanzania, na hata Wakenya walipata namna ya kujiingiza. Msimu mzima aliitwa "mtoto wetu". Watangazaji wa televisheni walikuwa wakilivunjavunja jina la ukoo wake, nasi tukishindana kulitamka sawasawa.

Ambacho wengi hawakukijua ni kwamba mama yake yumo kundini. Namba yake imehifadhiwa kwa jina la binti yake mkubwa, Mama Fulani, kama ilivyo desturi, na jina hilo haligusani kokote na lile la jezi. Alichangia kila msiba. Kuhusu mpira hakuwahi kuandika neno.

Mechi

Ilianza saa tatu na nusu usiku. Timu yetu iliongoza muda mwingi, ila kwa pointi chache zinazokera, nne, sita, nne tena. Mitupo ya pointi tatu ilikuwa inagonga chuma. Dakika tano za mwisho wapinzani wakatufikia.

Zikiwa zimebaki sekunde 18 tulikuwa mbele kwa pointi moja, na mtoto wetu akachezewa faulo. Hapa kanuni inahitaji kuelezwa, kwa sababu mzozo wote ulizaliwa kwenye kanuni hii. Katika mpira wa wanaume wa vyuo, timu ikifikisha faulo ya saba ndani ya nusu moja, aliyechezewa anapewa mtupo huru mmoja. Akiufunga ndipo anapata wa pili. Akikosa wa kwanza, wa pili haupo, mpira uko hai na yeyote anaudaka. Kuanzia faulo ya kumi anapata miwili moja kwa moja. Wapinzani walikuwa na faulo nane.

Alidundisha mpira mara tatu, akavuta pumzi, akatupa. Ukagonga mbele ya pete. Wapinzani wakaudaka, wakakimbia, wakafunga pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde sita. Mtupo wetu wa mwisho, kutoka katikati ya uwanja, haukugusa hata ubao. Tukafungwa kwa pointi mbili.

Yeye alimaliza na pointi 11. Ishike hiyo namba.

Yaliyotokea, kwa mtiririko

Saa 5:54 usiku, filimbi ya mwisho. Karibu dakika nzima kundi lilikaa kimya. Kisha zikaja: "Jamani." "Sina hamu." "Nimezima TV watoto wanalia." Mtu akaandika "Innalillahi" na mwingine akamkemea kwamba huo si msiba. Nikizisoma leo jumbe zile za mwanzo hazina tatizo lolote. Watu walikuwa wanaumia pamoja.

Saa 6:03: "Lakini mtoto wetu naye, ule mtupo…" Nukta tatu, basi.

Saa 6:09: "Huyu jamaa alikuwa anatetemeka, mlimwona?"

Saa 6:14: "Lirefu lote lile hata kutupa halijui." Alama za kicheko zikajazana chini yake.

Saa 6:20, mwanafunzi mmoja wa shahada ya pili, nitamwita Kijana, akaweka ujumbe wa sauti wa sekunde 48. Alitaja hela, akataja asili ya mchezaji, akasema warudishwe walikotoka, akamalizia na neno nisiloweza kuliandika hapa. Kijana mwenyewe alikuwa na miaka miwili Marekani, kwa viza ya masomo. Anamwambia aliyeingia akiwa na miaka minne arudi kwao.

Saa 6:26 akaweka kiungo cha ukurasa wa Instagram wa mchezaji: "Twendeni tukalisalimie." Watu 11 wakaenda. Wengine waliandika Kiingereza, wengine Kiswahili, wakiamini kwamba Kiswahili ni pazia.

Saa 6:41 nikafunga kundi, viongozi pekee wakaweza kuandika, na nikaanza kufuta.

Saa 12:10 asubuhi, namba ya Mama Fulani ikaondoka kundini. Mmoja wa viongozi wenzangu aliona, akaniandikia pembeni kwa utani: "Kuna mama kaogopa kelele." Robo saa baadaye akanipigia mzee mmoja wa kundi. Zamani alikuwa refa wa kikapu, amepuliza filimbi mechi nyingi Upanga, Dar es Salaam, nasi tunamwita Mzee Refa. Sikuwahi hata kumaliza shikamoo.

"Unajua nani katoka?"

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, kufunga kundi, niliufanya kwa hofu. Niliona vibaya vinaongezeka, nikashika swichi iliyokuwa karibu. Sikuandika sababu, nikidhani sababu inaonekana.

Wa pili ulikuwa kufuta. Nilifuta jumbe 17. Nilitaka atakayeamka asubuhi asikute uchafu.

Uamuzi wa tatu haukuwa wangu. Kiongozi mwenzetu wa pili, Mkenya, muuguzi wa zamu ya usiku, aliona kilichoendelea alipotoka kazini saa moja asubuhi. Hakuandika popote. Alikaa kwenye gari lake, katika maegesho ya hospitali, akaanza kuwapigia simu wale 11 mmoja mmoja. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusubiri kikao chetu, alinijibu kwamba wagonjwa nao hawasubiri kikao.

Wa nne ulikuwa wa viongozi wote: jioni ile ile kwenda nyumbani kwa mama, sote watatu, na unga, sukari na mafuta. Tulifikiri kimila. Nyumba imepata pigo, unaingia na kitu mkononi.

Na wa tano, siku tatu baadaye, kundi lilipofunguliwa, Mzee Refa aliomba aongee yeye kwanza.

Kilichofuata

Kufunga kundi hakukuzima kitu. Hasira ilihamia pembeni, kwenye vikundi vidogo vya watu sita, wanane, ambako hakuna kiongozi wala mama wa mtu. Na kwa kuwa sikutoa sababu, sababu ikatungwa: viongozi wanawalinda Wakongo. Ndani ya saa chache mzozo wa mtupo mmoja ukawa mzozo wa nani mwenye kundi.

Kufuta nako kulikuwa na lake. WhatsApp kiongozi akifuta ujumbe, panabaki mstari unaosema umefutwa na fulani. Kwa hiyo waliolala mapema waliamka wakakuta mistari 17 iliyobeba jina langu, na bila shaka kila mmoja akataka kujua nini kilikuwa pale. Kabla ya saa nne asubuhi picha za skrini zilikuwa zimezunguka kuliko jumbe zenyewe zilivyozunguka usiku.

Simu za muuguzi zilikwenda tofauti. Hakumgombeza mtu. Kila aliyepokea alimsalimia, akamuuliza kazi na watoto, kisha: "Umemwandikia nini yule kijana? Hebu nisomee." Aliyeandika anaanza kusoma. Anafika katikati, anajikohoza. Mmoja alisoma neno la kwanza akakata simu, akapiga tena baada ya dakika kumi kusema ameshafuta. Hadi adhuhuri, watu wanane kati ya 11 walikuwa wamefuta walichoandika kwenye ukurasa wa mchezaji. Hakuna aliyeweza kumaliza kusoma.

Ziara yetu ya jioni ilikwenda vibaya, na vibaya kwa upole, ambako ndiko kubaya zaidi. Mama alitukaribisha, akatupa chai ya maziwa na maandazi. Mdogo wake mchezaji, mvulana wa miaka kama 15, alipita sebuleni bila kutusalimia na mama hakumkaripia. Tulisema tuliyokuja kusema. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nilisoma byote," akasema. "Sasa mulikuja kuomba msamaha ya nani? Wewe uliandika? Wewe?"

Hatukuwa tumeandika. Tulikaa tukitazama vikombe. Tuliondoka tukiwa tumeacha unga mlangoni, na kesho yake Mzee Refa akatuambia ameukuta kanisani, kwenye meza ya vyakula vya kugawa.

Siku ya tatu Mzee Refa alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba. Alikuwa ameitazama mechi upya, mara mbili, na daftari. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kutangaza faulo: timu imekosa mitupo huru tisa, kijana huyu kakosa miwili. Wengine saba walikosa nani? Mipira 15 imepotezwa mikononi. Katika nusu ya pili pekee, mtoto wetu alidaka mipira mingi iliyogonga chuma kuliko mchezaji mwingine yeyote wa pande zote mbili. Na baada ya mtupo kukosekana wapinzani walikimbia sekunde 12 nzima bila mtu wetu kusimama mbele ya mpira. Aliyefunga zile tatu hakuwa na mkabaji, na aliyetakiwa kumkaba hakuwa mtoto wetu.

Halafu akawasimulia Virginia. Timu iliyochekwa nchi nzima 2018 ilirudi 2019 na wachezaji wengi wale wale. Kwenye nusu fainali dhidi ya Auburn walikuwa nyuma kwa pointi mbili, zimebaki sekunde 0.6, na Kyle Guy akasimama mstarini kwa mitupo huru mitatu. Huyu alikuwamo kwenye kipigo cha UMBC, na alikuwa ameshazungumza hadharani jinsi wasiwasi ulivyomsumbua baadaye. Akafunga yote mitatu, 63 kwa 62, na siku mbili baadaye wakachukua ubingwa. "Mstari ni ule ule," Mzee akasema, "mita nne na nusu na kidogo. Chumbani kwako hakuna wa kukupigia kelele, ndiyo maana wewe unafunga."

Ujumbe ulifanya kazi, si kikamilifu. Nusu ya kundi ilitulia. Nusu nyingine ilichukua hesabu za Mzee na kumgeukia kocha aliyekataa kuomba muda wa mapumziko. Kocha analipwa mamilioni ya dola na hasomi Kiswahili. Nakiri sikujisumbua kumtetea.

Siku ya tano Kijana mwenyewe alimwomba Mzee ampeleke kwa mama. Walikaa muda mrefu. Nitaandika tu kile ambacho mama ameruhusu: alimuuliza ana miaka mingapi. Ishirini na minne. "Wangu ana makumi mbili," akasema mama.

Matokeo

Mama hakurudi kundini hadi Juni, alipofiwa mwanachama mwingine na yeye akaomba aongezwe ili achangie. Watu watatu waliokataa kufuta waliondolewa; mmoja aliunda kundi lake, likafa kabla ya Pasaka. Mchezaji alifunga sehemu ya maoni kwenye ukurasa wake. Kama alibaki chuoni au alihama sitasema, maana jibu lingemtambulisha.

Uchambuzi

*Ngeli kama kengele*

Nimezirudia jumbe za usiku ule mara nyingi, na kinachonishtua si matusi. Ni sarufi. Saa 6:03 ni "mtoto wetu". Saa 6:09 ni "huyu jamaa": umiliki umeondoka. Saa 6:14 ni "lirefu lile", "halijui": mtu ametolewa kwenye ngeli ya A-WA akahamishiwa LI-YA, kwa mawe na magari. Saa 6:26 ni "tukalisalimie", yaani tayari kuna kitu cha kuendewa. Kati ya hatua ya kwanza na ya tatu ni dakika kumi na moja.

Kila Mswahili anaijua hila hii. Tunaitumia kwa mapenzi pia: "toto hili", "libaba langu". Ndiyo maana ilipita bila mtu kustuka, na mimi nilicheka. Kama kungekuwa na mmoja wetu wa kusema neno saa 6:14, lingekuwa neno jepesi la mtu kumrudisha mwenzake. Saa 6:26 palihitajika swichi, na swichi ilivunja zaidi ya ilichozima.

*Hasira bila mpinzani*

Wengi wetu tumekulia kwenye utani wa jadi. Yanga akifungwa, kuna Simba wa kumcheka, na kuchekwa kule, ukitazama vizuri, kunasaidia: aliyefungwa anaacha kumlaumu kipa wake na kuanza kumjibu jirani. Hasira inapata pa kwenda, na jumatatu kazini inaisha kwa soda.

Mji wa chuo hauna Simba na Yanga. Wote upande mmoja. Wapinzani walikuwa chuo kidogo cha mbali ambako hakuna kati yetu aliyemfahamu hata mtu mmoja wa kumtania. Hasira ikazunguka ndani ya nyumba ikitafuta mlango, na ikaangukia kwa aliyekuwa karibu zaidi, yule tuliyekuwa tumemwita wetu. Nadhani ndiyo sababu mpira huu wa vyuo una ukatili wa aina yake. Unawapa watu upendo wa familia nzima bila kuwapa adui wa kumtania.

*Mkeka*

Kijana alikuwa na mkeka wa kubeti wa dola 60. Mechi tano, na kipengele kimoja kilichotaka mchezaji wetu afikishe pointi 12. Alimaliza na 11. Ule mtupo ungeingia, mkeka ungesimama hata kama timu ingefungwa.

Hili tulilijua baadaye, na lilibadilisha namna ninavyousikiliza ule ujumbe wa sauti. Sauti niliyodhani ni ya mnazi wa timu ilikuwa ya mtu aliyechaniwa mkeka. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoondoa zuio la kitaifa mwaka 2018, majimbo mengi yamefungua kubeti, na mengine yakaruhusu kubeti juu ya takwimu za mchezaji mmoja mmoja wa chuo. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliyaomba majimbo mwaka 2024 yaondoe mikeka ya namna hiyo. Ohio na Louisiana ni kati ya yaliyofanya hivyo. Jimbo letu wakati ule lilikuwa bado linaruhusu. Mkeka wa timu unakufanya uilaani timu. Wa mchezaji unakupa jina la mtu na namba ya pointi unazomdai.

*"Wanalipwa, wavumilie"*

Hoja hii ilitolewa kundini na bado inatolewa. Ni kweli kwamba tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na sura zao. Sijaona inavyohusiana na kumwambia mtu arudi kambini.

*Kwa nini simu zilishinda tangazo*

Asubuhi ile niliandika tangazo: "Ndugu wanachama, tuheshimiane." Maneno matatu pamoja na salamu, hayakumgusa aliyeandika wala aliyeandikwa. Kila aliyesoma aliamini anaambiwa mwingine.

Swali la muuguzi halikuwa na pa kujificha. Liliwafanya watu wasikie kwa midomo yao walichokuwa wamekiandika kwa kidole gumba. Pia alipiga asubuhi, mtu ameshalala kidogo, hana hadhira ya kuchekesha. Na alipiga kama dada, akianza na watoto na kazi. Nimejaribu mbinu yake mara mbili tangu hapo na ninaishia kuhubiri. Naona inataka mtu wa kusikiliza zaidi ya anavyosema, na hilo si fani yangu.

*Msamaha wa wawakilishi*

Ziara yetu ilikosea kwa jambo moja ambalo mama alilisema mwenyewe. Tulitumia utaratibu wa msiba, ambapo yeyote anaweza kuwakilisha yeyote kwa sababu kifo hakina mkosaji. Hapa wakosaji walikuwapo, wana majina, wanajua njia. Tungesubiri siku tano, hata kumi, mpaka aliyesema aone haya mwenyewe. Tulikimbilia mlangoni kwa sababu aibu ilikuwa inatuwasha sisi.

Tulichobadilisha

Si kingi. Mazungumzo ya mechi yana kundi lake, na kabla ya kumwingiza mtu tunamwambia ni ndugu wa nani waliomo. Mikeka haiwekwi humo. Kundi halifungwi bila sababu kuandikwa, na mimi sifuti tena ujumbe kabla ya kumpigia aliyeuandika.

Novemba, mechi ya kwanza ya msimu mpya, mchezaji mwingine kabisa alikosa mtupo wa wazi chini ya kikapu. Kijana akaandika: "Ona lile lilivyo…"

Muuguzi akamjibu kwa herufi tatu na kistari: "A-WA."

Zikapita sekunde chache, ujumbe ukabadilishwa. "Ona yule alivyo mzito leo. Atoke apumzike."

Mzee Refa akaweka alama ya filimbi.